Kabala sio Freemason na wala sio uzi mwekundu, ngoja tuelewane taratibu

Kila nikiandika neno kabala, simu yangu inanirekebishia inaandika kabila. Juzi kwenye grupu la familia nimeandika kwamba Madonna alikuwa anasoma kabala, ikaenda "Madonna alikuwa anasoma kabila", mjomba akauliza kabila gani hilo, mtu akajibu Kizaramo, tukacheka dakika tano alafu ugomvi ukarudi palepale ulipokuwa.

Ugomvi wenyewe ulianza hivi. Binti ya shangazi aliposti picha ya mkono wake amevaa uzi mwekundu, kauziwa na mtu wa mtandaoni kwa 35,000, kaambiwa ni uzi wa kabala, unakinga husuda. Mjomba akaja juu, akasema huo ni Ufreemason mtupu, akatushushia na klipu ya mhubiri anayepiga kelele kuhusu jicho na piramidi. Mwingine akasema hapana jamani, kabala ni zile hesabu za siri zilizofichwa ndani ya Biblia. Mwingine akasema ni dini ya mastaa wa Marekani. Yaani kila mtu ana kabala yake, na hakuna hata mmoja aliyewataja wenye nayo, Wayahudi wanaokaa na vitabu vyao usiku wanasoma. Nikaulizwa mimi kwa vile ndo nasemwa nasoma sana mambo ya dini za watu, nikaona jibu la voisnoti halitatosha.

Basi tuanze na neno lenyewe, maana hapo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuijui. Kiebrania na Kiarabu ni mtu na ndugu yake, na Kiswahili tumekopa kwa Kiarabu mpaka tumesahau kama tumekopa. Kabala kwa Kiebrania maana yake ni kupokea, au kitu kilichopokelewa, yaani mapokeo. Shina lake lina herufi tatu, na kwa upande wa Kiarabu shina hilohilo limetupa sisi kubali, limetupa kibla, limetupa kabla, na ndio, limetupa na kabila. Wazo la chini kabisa ni kuelekeana na kitu: kinachokuja mbele yako unakielekea, unakipokea, unakikubali. Kwa hiyo simu yangu haikukosea sana, ilienda tu kwa binamu.

Na sio neno hilo peke yake. Ukifungua vitabu vya kabala unakutana na nefesh, ambayo ni nafsi, ruah ambayo ni roho, hokhma ambayo ni hekima. Nitakuwa naokota maneno haya njiani, maana yananisaidia kueleza kitu ambacho watu wanakifanya kigeni kuliko kilivyo.

Sasa kabala ni nini. Waislamu wa kwetu wana maneno mawili mazuri, dhahiri na batini. Dhahiri ni kinachoonekana: sheria, sala, kipi kinaliwa na kipi hakiliwi. Batini ni cha ndani. Kabala ni elimu ya batini ya Wayahudi. Sio dini nyingine pembeni ya Uyahudi, sio kanisa, sio chama cha kujiunga kwa kadi. Mtu anayeisoma anatakiwa awe anashika Sabato, anasali, anakula vilivyoruhusiwa kama Myahudi mwingine yeyote, tena kwa ukali zaidi. Mfano ninaoupenda ni rabi Joseph Karo wa karne ya 16. Huyu ndo aliandika Shulhan Arukh, kitabu cha sheria ambacho Wayahudi washika dini wanakifuata mpaka leo, kinakwambia mpaka namna ya kunawa mikono asubuhi. Mwanasheria hasa. Na huyohuyo alikuwa na daftari analoandika maneno ya sauti iliyokuwa inamjia, inamfundisha, inamgombeza akila sana. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia kabala ni watu waliomkimbia Mungu wa Torati, muulize habari za Karo.

Ila tuweke sawa jambo moja, kutafuta batini kwa Wayahudi kulianza kabla neno kabala halijapewa maana hii. Kulianza na Ezekieli. Yule nabii akiwa uhamishoni Babeli, kando ya mto Kebari, anaona kiti cha enzi kinachotembea, viumbe vyenye nyuso nne, magurudumu ndani ya magurudumu yamejaa macho. Sura ya kwanza, kaisome, ni ngumu. Marabi wa kale waliiona ni ngumu na ya hatari, wakaweka sharti kwamba habari za hilo gari la Mungu zisifundishwe hata kwa mwanafunzi mmoja, isipokuwa awe mwenye hekima anayeelewa mwenyewe. Kuna na kisa kwenye Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale, cha wanazuoni wanne walioingia bustanini. Ben Azzai alitazama akafa. Ben Zoma alitazama akachanganyikiwa. Wa tatu, ambaye Talmudi inakwepa hata kumtaja jina inamwita Yule Mwingine, akakata miche, maana yake aliiacha imani. Rabi Akiva peke yake ndo alitoka salama. Bustani hiyo inaitwa pardes, na asili yake ni neno la Kiajemi lililozaa pia Firdausi, ile pepo tunayoombeana misibani.

Baadaye, karne ya 13, herufi za neno pardes zikafanywa kifupisho cha ngazi nne za kusoma Maandiko: maana ya wazi, maana ya ishara, maana ya mafundisho (derash, ndugu yake darasa), na mwisho kabisa siri. Hapa ndipo naomba utulie, kwa sababu watu wengi wanadhani kabala ni uganga wakati sehemu kubwa ya kabala ni namna ya kusoma. Ni watu waliokaa na maandishi yaleyale unayoyajua wewe, wakayasoma kwa kuyaminya mpaka yakatoa kitu kingine.

Mfano wa kweli huu hapa. Biblia inaanza, "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Kwa Kiebrania maneno matatu ya kwanza yamepangwa hivi: kwa-mwanzo, aliumba, Elohim. Kitenzi kimetangulia, mtenda kaja nyuma, kwa Kiebrania hiyo ni kawaida kabisa. Lakini kitabu cha Zohar, ambacho ndo kitabu kikuu cha kabala, kinasema hebu soma kama yalivyopangwa: kwa Mwanzo, [nafasi tupu] aliumba Elohim. Yaani kuna Mmoja ambaye hatajwi hata jina, na kwa kutumia Mwanzo akamtoa Elohim, huyu Mungu tunayemjua kwa jina. Mtu ukisoma mara ya kwanza unashtuka, ina maana Mungu kaumbwa? Hapana, na jibu la hapo ndo moyo wa kabala yote.

Wenyewe wanasema hivi. Mungu kama alivyo kwa nafsi yake hasemeki, hana sura, hana mwanzo, huwezi hata kumsifu maana kila sifa ni mpaka. Wanamwita Ein Sof, Asiye na Mwisho. Sasa huyo asiye na mwisho anahusianaje na mimi mwenye kodi ya nyumba na mgongo unaouma? Anahusiana kupitia njia kumi za kujidhihirisha zinazoitwa sefiroti. Ya juu ni Taji, chini yake Hekima, chini yake Ufahamu, alafu Wema, Ukali, Uzuri na nyingine, mpaka ya kumi ambayo ni Ufalme. Ule Mwanzo wa kwenye aya ni Hekima, na Elohim hapo ni jina la Ufahamu. Sio miungu kumi. Moses Cordovero, aliyeishi Safed huko Galilaya na kufa mwaka 1570, alitoa mfano ambao bado haujapata mpinzani: chukua maji, yamimine kwenye vyombo vya rangi tofauti, chekundu, kijani, cheupe. Ukitazama unaona maji mekundu, maji ya kijani. Maji yamebadilika? Hayajabadilika. Ni macho yako na chombo.

Katika hizo kumi, mbili ndo zinanipa mimi mawazo kuliko zote, Wema na Ukali. Wanasema dunia ikiendeshwa na Wema peke yake inayeyuka, hakuna mpaka, kama mtoto anayelelewa na bibi tu. Ikiendeshwa na Ukali peke yake inaungua. Na uovu kwa maelezo ya Zohar haukutoka kwa mungu mwingine wa giza, mzizi wake upo kwenye Ukali uliojitenga na Wema, hukumu iliyokosa huruma. Sijui kama naikubali kama theolojia, ila nimewaona walimu wa aina hiyo.

Alafu ile ya kumi, Ufalme, ina jina lingine, Shekhina. Shina lake ni kukaa, kuishi mahali, na Kiarabu kwa shina hilohilo kimetupa maskani. Shekhina ni uwepo wa Mungu uliopiga maskani kwa watu, na kabala inauzungumzia kama mwanamke, kama malkia, kama bibi harusi aliyetenganishwa na mumewe. Watu wakitenda dhambi, wawili hao wanaachana. Sala na matendo mema yanawarudisha pamoja. Unaelewa sasa kwa nini kuna marabi waliokunja uso? Mpaka leo kuna Wayahudi wanaoona haya mambo yamekaribia mno kumgawanya Mungu.

Kuhusu Zohar yenyewe ipo stori tamu. Kitabu kimeandikwa kwa Kiaramu na kinajitambulisha kama mafunzo ya rabi Shimon bar Yochai wa karne ya pili. Lakini kilianza kusambaa Hispania miaka ya 1280 na kitu, kupitia kwa mtu anayeitwa Moses de León, aliyekuwa anasema ananakili kutoka kwenye nakala ya kale. Rabi mmoja, Isaac wa Acre, akasafiri mpaka Hispania kuchunguza. Akamkuta Moses, Moses akamwapia kwamba nakala ya kale ipo nyumbani Avila, njoo nikuonyeshe. Moses akafia njiani, mwaka 1305. Isaac akaambiwa kwamba tajiri mmoja wa Avila alimwahidi mjane wa Moses kumwoza mtoto wake wa kiume kwa binti yao, mradi tu atoe hiyo nakala, na mjane akaapa kwamba hakuna nakala, mume wangu alikuwa anaandika kutoka kichwani kwake, na nilipomuuliza kwa nini usiseme ni vyako akasema nikisema ni vyangu nani atanunua. Gershom Scholem, mwanazuoni aliyezaliwa Berlin akahamia Yerusalemu 1923 na kuifanya kabala iwe somo la chuo kikuu, alichunguza lugha yake neno kwa neno, Kiaramu chenye makosa ya mtu wa Hispania, akafikia kwamba mwandishi mkuu ni Moses kweli. Wengine baada yake wanasema lilikuwa kundi zima. Wayahudi wengi washika dini bado wanasema ni ya bar Yochai, na kila mwaka kwenye sikukuu ya Lag BaOmer watu kwa maelfu na maelfu wanapanda mlima Meron kwenye kaburi lake, wanawasha moto, wanaimba usiku kucha. Huko ndiko kulikotokea ule msongamano wa Aprili 2021 uliokufa watu 45, wengi tuliusikia kwenye habari bila kujua walifuata nini.

Tukirudi Safed. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, na baadhi ya vizazi vya waliofukuzwa walifika kwenye mji huo mdogo wa milimani. Mwaka 1570 akaingia kijana aliyekulia Misri, Isaac Luria, wanamwita Ari, maana yake Simba. Alifundisha kama miaka miwili tu, tauni ikamchukua 1572 akiwa na miaka 38. Mwenyewe aliandika kidogo sana, mwanafunzi wake Hayyim Vital ndo aliandika. Na hiyo miaka miwili imegeuza Uyahudi wote.

Swali la Luria lilikuwa la kitoto, kwa maana nzuri: kama Mungu yupo kila mahali, dunia iliwekwa wapi? Jibu lake: Mungu alijikunja. Alijivuta ndani, akaacha nafasi, na kwenye nafasi hiyo ndo dunia ikapata pa kusimama. Kitendo hicho kinaitwa tsimtsumu. Ukitaka picha fikiria daladala imejaa na konda anapiga kelele sogeeni sogeeni kuna mama ana mtoto, tofauti ni kwamba huku aliyesogea ndiye mwenye gari. Au mzazi anayemfundisha mtoto kutembea, lazima arudi nyuma hatua, akibaki amemshika mtoto hatembei.

Kisha nuru ikashuka kwenye vyombo vya kuipokea, ndizo zile sefiroti, na vyombo vya chini vikashindwa, vikapasuka. Ushawahi kumimina chai inayochemka kwenye glasi ya baridi? Ndo hivo. Vigae vikaanguka, na ndani ya vigae zikabaki cheche za nuru zimenasa, na dunia unayoiona ndo hiyo, vigae na cheche vimechanganyika. Kwa hiyo kitu kilivunjika kabla wewe hujazaliwa, kabla hata Adamu hajakosea. Na kazi ya mwanadamu ni kuokota cheche: kila amri unayotimiza, kila baraka unayosoma juu ya chakula, kuna cheche inarudi kwao. Huko kurekebisha kunaitwa tikkun. Scholem aliona kwamba haya ni mawazo ya watu waliofukuzwa, kwamba hata Mungu yuko uhamishoni pamoja nao. Moshe Idel, aliyekuja baadaye chuo hichohicho cha Yerusalemu, anapinga, anasema mengi ya hayo yalikuwepo kabla ya 1492. Mimi naona hata kama Idel ana haki kuhusu chimbuko, aliyepoteza kwao lazima aliisikia stori hii tofauti na aliyelala kwake.

Lakini wazo kali lina ajali zake. Mwaka 1665 mtu wa Izmir, Sabbatai Zevi, alitangazwa ni Masihi, na aliyemtangaza, Nathan wa Gaza, alitumia lugha ya Luria moja kwa moja, kwamba cheche zinaisha kukusanywa. Wayahudi kuanzia Yemen mpaka Amsterdam waliamini, wapo waliouza mali wakisubiri safari. Mwaka 1666 akafikishwa mbele ya Sultani wa Uturuki, akapewa kuchagua, akasilimu. Aibu yake haielezeki. Wafuasi wachache wakamfuata wakasema hata hilo ni sehemu ya siri, kazama kwenye giza kuokota cheche za mwisho. Karne iliyofuata akatokea mwingine wa aina hiyo, Jacob Frank, ndipo marabi kule Brody mwaka 1756 wakakataza maandishi ya Luria kwa aliye chini ya miaka 40 na Zohar kwa aliye chini ya 30. Ile kauli unayoisikia kwamba kabala hairuhusiwi mpaka ufike miaka 40 imepata nguvu kutoka hapo. Luria mwenyewe hakufika 40, kwa hiyo kwa sheria hiyo angekatazwa kusoma vitabu vyake.

Nikimaliza hapo mtu atadhani kabala ilikufa. Ilishuka mtaani. Huko Ukraina ya sasa, Israel Baal Shem Tov, aliyefariki 1760, na wanafunzi wake waliichukua nadharia ile nzito wakaifanya ya mtu wa kawaida: cheche ipo kwenye chakula chako, kwenye biashara yako, kwenye wimbo usio na maneno, na huzuni inakuzuia kuiona, kwa hiyo imba, cheza. Hao ndo Wahasidi, wale unaowaona kwenye picha na makoti meusi na kofia za manyoya. Mtu aliyewahi kukaa kwenye zikiri Lamu au Tanga akiona wanavyoyumba na kuimba haitamwia vigumu kuelewa. Na kugusana na usufi kupo kwa ushahidi, ingawa kwingine: Misri ya karne ya 13, Abraham, mtoto wa Maimonides yule mwanafalsafa mkubwa wa Kiyahudi, aliwasifia masufi waziwazi, akaandika kwamba wao wamehifadhi njia za manabii wa Israeli ambazo Wayahudi wenyewe wamezipoteza. Tawi moja la Wahasidi, Chabad, limeenea dunia nzima, Kinshasa wapo tangu 1991.

Haya, mjomba na Freemason wake. Kabala ilitoka nje ya Wayahudi, hilo ni kweli, na walioitoa ni Wakristo. Giovanni Pico della Mirandola, kijana Mtaliano mwenye miaka 23, mwaka 1486 alitoa hoja 900 na moja ikasema hakuna elimu inayothibitisha uungu wa Kristo kuliko uchawi wa asili na kabala. Papa akazilaani hoja zake. Mjerumani Johannes Reuchlin akaandika kitabu kizima juu ya sanaa ya kabala mwaka 1517, na huyu namheshimu maana wakubwa walipotaka vitabu vya Wayahudi vichomwe moto yeye alisimama akasema visichomwe. Kutoka hapo mawazo yakaendelea kusafiri, na kila aliyeyabeba akaongeza chumvi yake. Karne ya 19 Mfaransa Éliphas Lévi, aliyesomea upadri, akaziunganisha herufi 22 za Kiebrania na karata za taroti, hizi za kupigia ramli, karata ambazo Italia zilianza kama mchezo tu wa kupitisha muda. Mwaka 1888 London ikaanzishwa Golden Dawn, chama cha siri cha mambo ya uchawi, wakachanganya yote hayo na mambo ya Misri ya kale. Vyama vya Freemason navyo, ambavyo Grand Lodge yao ya kwanza ni London 1717, baadhi ya ngazi zao za juu ziliokota alama humohumo sokoni. Kwa hiyo ukiona mti wa sefiroti kwenye kitabu cha wachawi wa Kizungu, umeona kitu cha wizi wa mitumba, kimepita mikono mitano. Zohar imewatangulia kwa miaka 400 na zaidi. Kumlaumu Moses de León kwa Freemason ni kama kumlaumu aliyegundua sifuri kwa riba ya mkopo wa kwenye simu.

Na ninalisema hili bila utani: hizi stori za Wayahudi wana siri ya kutawala dunia zimewahi kuua watu kwa mamilioni Ulaya, kwa hiyo ukiforwadi klipu jua unaforwadi nini.

Hesabu sasa. Kiebrania kila herufi ni namba pia, na kuhesabu maneno kunaitwa gematria. Ahava, upendo, inatoa 13. Ehad, mmoja, inatoa 13. Jumlisha, 26, na 26 ndo hesabu ya jina takatifu la Mungu lenye herufi nne. Hai, lenye maana ileile ya hai yetu, ni 18, ndo maana Myahudi akitoa zawadi ya pesa anapenda itoe 18 au 36. Kwetu sio kigeni, wazee wa falaki wanapiga hesabu za abjadi mpaka leo, na ile 786 unayoiona kwenye maduka ni Bismillahi iliyohesabiwa. Kuna waliokwenda mbali, Abraham Abulafia wa karne ya 13 alikuwa anazungusha herufi za majina ya Mungu kwa pumzi na kutikisa kichwa mpaka anapata hali. Mwaka 1280 aliamua kwenda kumwona Papa Nicholas III azungumze naye habari za Uyahudi. Mwenyewe anasimulia kwamba Papa aliagiza achomwe moto, kuni zikaandaliwa, Papa akafa ghafla, Abulafia akawekwa ndani siku 28 wakamwachia. Lakini hiyo ni ibada. Ile biashara ya "kodi za Biblia", yaani ujumbe wa siri (code) uliofichwa kwenye herufi, zinazotabiri vita kwa kuruka herufi ni kitu kingine kabisa, ilipata jina kwa makala ya mwaka 1994 kwenye jarida la takwimu, na jarida hilohilo mwaka 1999 likachapisha wataalamu walioonyesha kwamba matokeo yale hayasimami. Mmoja wao, Brendan McKay, akatumia njia hiyo kwenye riwaya ya nyangumi, Moby Dick, akapata "utabiri" wa mauaji ya viongozi pia. Kitabu kirefu chochote ukikikamua namna hiyo kitakupa unachotafuta.

Na uzi. Zohar haina habari ya kuvaa uzi mwekundu. Ipo desturi ya watu ya kuzungusha uzi kwenye kaburi la Raheli Bethlehemu kisha kuukatakata, na kuna kituo cha Los Angeles kilichoupa umaarufu kwa mastaa, Madonna akiwa wa mbele. Cha kuchekesha, Tosefta, moja ya makusanyo ya kale kabisa ya sheria za marabi, inataja kufunga uzi mwekundu kidoleni, na inautaja kwenye orodha ya ushirikina uliokatazwa. Nimemwambia binti ya shangazi, 35,000 ni yake, avae ni pambo zuri, ila asiseme ni Wayahudi wamemtuma.

Kinachogusa mawazo ya leo kiko sehemu nyingine, na mara nyingi hata hakitajwi kwa jina. Wayahudi wa Marekani wakizungumzia haki za watu na mazingira wanasema tikkun olam, kuitengeneza dunia. Neno ni la kale kuliko Luria, kwenye sheria za marabi lilihusu mambo ya kawaida kabisa kama karatasi za talaka zisiwaletee wanawake matatizo, ila ladha yake ya leo, kwamba dunia ina ufa na wewe una kipande cha kurudisha, imekolezwa na Safed. Huko Israeli nako, rabi Abraham Isaac Kook, aliyekuwa rabi mkuu wa Palestina kuanzia 1921, aliisoma kurudi kwa Wayahudi kwenye ile ardhi kwa macho ya kabala, hata wale wakulima wasioamini Mungu aliwaona wanabeba cheche bila kujua. Wafuasi wa mtoto wake wakawa msingi wa Gush Emunim ya 1974, harakati ya walowezi. Wazo lilelile, Marekani limezaa waandamanaji wa haki, kule limezaa makazi juu ya vilima vya watu. Usiniulize Luria angesemaje.

Kuna na golemu, yule mtu wa udongo anayehuishwa kwa herufi. Hadithi inasema kipajini anaandikwa emet, ukweli. Ukitaka kumzima unafuta herufi ya kwanza, alefu, inabaki met, amekufa, na hapo sikutafsirii, sikiliza tu: met, maiti. Mwaka 1965 wanasayansi wa Rehovot, Israeli, walipounda kompyuta kubwa, waliipa jina Golemu Alefu, na Scholem mwenyewe alikuja kutoa hotuba siku ya uzinduzi, akaitakia ikue kwa amani na isiiharibu dunia.

Mjomba baada ya kusoma rasimu ya haya aliniuliza swali moja tu, sasa mimi nikitaka kuiona hiyo kabala naiona wapi, bila uzi na bila Hollywood. Nikamwambia Ijumaa jua likizama, ingia sinagogi lolote. Ibada ya kuikaribisha Sabato inaitwa Kabalat Shabat, kupokea Sabato, ndo neno letu lilelile limerudi kwenye kazi yake ya kwanza. Iliundwa na watu wa Safed waliokuwa wanatoka kwenda mashambani wamevaa nyeupe kumlaki malkia. Wimbo wake, Lekha Dodi, aliutunga Shlomo Alkabetz, shemeji yake yule Cordovero wa vyombo vya rangi, na unaimbwa Yerusalemu, unaimbwa New York, unaimbwa na Abayudaya, Waafrika wenye dini ya Kiyahudi, kule Mbale, Uganda. Wakifika ubeti wa mwisho wote wanageuka, wanaupa mgongo upande wa mbele wa sinagogi, wanaangalia mlango, wanainama kidogo, wanasema njoo bibi harusi, njoo bibi harusi.